Shule za Unyanyembe: Historia ya Elimu Maalum Tabora

Mji wa Tabora una shule nne ambazo mtoto hapelekwi kwa sababu tu nyumba ya wazazi wake iko karibu. Mbili ni za sekondari, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, nazo zimo katika orodha ya shule saba za serikali zinazopokea wanafunzi wenye vipaji maalum. Mbili ni za msingi: Furaha, iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wasioona, na Shule ya Viziwi Tabora, ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Zote nne huhesabiwa kuwa za elimu maalum, lakini hazikuzaliwa na mzazi mmoja. Serikali ya kikoloni ilijenga shule ya vijana iliowahitaji katika utawala wake. Makanisa yakajenga shule za watoto ambao hakuna ofisi iliyowahitaji. Tofauti hiyo ya asili imeamua kwa karibu miaka mia moja ni nani anayepewa mwalimu, kitanda cha bweni na kitabu.

Njia panda ya misafara, hadi 1921

Tabora ilianza kama kituo cha safari. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani waliweka makazi Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika. Tawi moja lilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, jingine likapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857 walikuta biashara ya pembe za ndovu na watumwa imekwisha kushika mizizi.

Elimu ya nyakati hizo ilifuata kazi na nasaba. Watoto wa wafanyabiashara wenye matembe walisoma Kurani chuoni. Watoto wa Wanyamwezi walijifunza uwindaji, uhunzi, kilimo, na zaidi ya yote upagazi, kazi iliyolipeleka jina lao hadi pwani. Kijana mwenye kumbukumbu ya njia, ulimi wa lugha nyingi na busara ya kuongoza watu aliweza kupanda kutoka mpagazi wa kawaida hadi kirongozi wa msafara. Kipaji kilijulikana kwa kazi, bila cheti. Mtoto asiyeona au asiyesikia alikuwa mikononi mwa ukoo wake. Nje ya ukoo hapakuwa na chombo chochote cha kumfundisha.

Watoto wa kwanza kukusanywa na kufundishwa kwa sababu ya dhiki iliyowapata walikuwa waliokombolewa utumwani. Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe, shirika lililoundwa na Kardinali Charles Lavigerie mwaka 1868, uliondoka Bagamoyo 1878 na kupita Unyanyembe. Katika miaka ya 1880 mapadri hao waliwalea na kuwasomesha wavulana waliokombolewa huko Kipalapala, jirani na mji. Kwamba mtoto aliyetupwa na biashara anaweza kuwa na kipaji kikubwa ilidhihirika katika maisha ya Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, kisha akatibu wagonjwa Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia 1889 hadi alipofariki 1956. Historia ya elimu maalum katika magharibi ya Tanzania inapaswa kuanzia kwa watoto hao, hata kama hakuna aliyeiita kwa jina hilo wakati ule.

Mengine yalikwenda haraka. Mtemi Isike wa Unyanyembe alishindwa na Wajerumani Januari 1893. Reli ya kati ilifika Tabora 1912, na biashara ya upagazi ikafa. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliuteka mji, na baadaye ukakabidhiwa kwa Waingereza. Kwa shule zilizokuja baadaye, jambo kubwa lilikuwa reli. Tawi la kwenda Mwanza lilipokamilika 1928, Tabora ikarudi kuwa njia panda: treni zikaleta abiria kutoka Ziwa Victoria, kutoka Kigoma na kutoka Dar es Salaam. Mji huo ukawa mahali pafaapo kwa shule ya bweni ya kukusanya watoto wa nchi nzima.

Shule ya wana wa machifu, 1922 hadi 1936

Mizizi ya Shule ya Serikali Tabora iko mwaka 1922, chini ya mkurugenzi wa kwanza wa elimu wa Tanganyika, Stanley Rivers-Smith. Ilipata sura yake halisi 1925, mwaka ambao Gavana Donald Cameron alifika nchini na wazo la kutawala kupitia watawala wa kienyeji. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa machifu mahakama, hazina na kodi za kukusanya. Machifu wasiojua kusoma hesabu za hazina wangeuvuruga mpango huo tangu mwanzo. Serikali ikaamua kuwafundisha wale watakaorithi viti.

Kwa hiyo kigezo cha kuingia kilikuwa damu. Wana wa machifu na wa wanangwa, yaani machifu wadogo, walipewa nafasi ya mbele, na waliobaki wakafuata. Mafunzo yaliiga shule za bweni za matajiri wa Uingereza: mabweni yaliyoshindana, viranja wenye mamlaka, michezo, gwaride. Wakati huohuo tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki 1924 pamoja na mwanaelimu James Aggrey wa Gold Coast, ilikuwa imependekeza elimu inayoshikamana na kijiji na kilimo, ndiyo maana mwana wa chifu alishika jembe asubuhi na kitabu cha Kiingereza baadaye.

Kosa la msingi la mpango huo halikuwa ubora wa masomo, kwani yalikuwa mazuri kuliko mahali pengine popote nchini. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kipaji hurithiwa pamoja na kiti cha enzi. Katika nchi yenye mamilioni ya watu, nafasi chache za elimu ya juu ziliwekwa akiba kwa koo mia kadhaa. Wasichana walikuwa na nafasi finyu zaidi, ingawa serikali ilifungua shule yao Tabora kabla ya Vita Kuu ya Pili, na baadaye ikawa mojawapo ya shule kongwe za wasichana nchini.

Kuhusu watoto wenye ulemavu, serikali ya Waingereza haikuwa na mpango wowote katika miaka hiyo. Surua, trakoma na ukosefu wa vitamini A viliendelea kupofusha watoto. Homa ya uti wa mgongo na surua hiyohiyo ziliwaacha wengine bila kusikia. Waliotoka salama katika magonjwa hayo walirudi majumbani, na majumbani wakabaki.

Mtihani unachukua nafasi ya ukoo, 1937 hadi 1961

Mwaka 1937 aliingia Tabora kijana kutoka Butiama, Julius Kambarage Nyerere. Kwa nasaba alistahili, maana baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Lakini kilichomfikisha pale ni matokeo yake katika shule ya Mwisenge, Musoma, alikoanza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 12. Safari yake inaonyesha shule ikiwa katika mpito: bado inaitwa ya wana wa machifu, lakini mtihani umeanza kuamua. Kutoka Tabora alikwenda Makerere 1943. Aliporudi 1945 alifundisha katika mji huohuo, shule ya Kikatoliki ya St. Mary's, ambayo baada ya kutaifishwa iliitwa Milambo.

Sababu za mpito huo zilikuwa za kiutawala. Ofisi za serikali, hospitali na reli zilihitaji makarani, waganga wasaidizi na walimu wengi kuliko koo za machifu zilivyoweza kutoa. Makerere nayo ilitaka wanafunzi wenye alama, isiangalie baba zao ni nani. Kufikia miaka ya 1940 na 1950 Tabora ilipokea wavulana kutoka kila pembe ya Tanganyika. Rashidi Kawawa alisoma hapo, na Oscar Kambona, na Abdallah Fundikira, ambaye alikuwa mtemi wa Unyanyembe na baadaye waziri katika serikali ya kwanza ya nchi huru. Shule iliyojengwa kulea watawala wa chini ya Waingereza ikalea waliowaondoa Waingereza.

Mtihani ulikuwa haki kubwa kuliko ukoo. Hata hivyo ulikuwa na mlango wake mwembamba. Mtoto ambaye kijijini kwao hapakuwa na shule hakuufikia. Mtoto asiyeona hakuweza kuusoma, na kiziwi hakuweza kumsikia mwalimu aliyemwandaa. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua Buigiri, nje ya mji wa Dodoma, shule ya kwanza ya wasioona Tanganyika. Ilikuwa katika nchi ya Wagogo, ambako trakoma ilikithiri. Kwa watoto wa magharibi, kutoka Kigoma hadi Nzega, Buigiri ilikuwa mbali, na nafasi zake zilikuwa za kuhesabu.

Furaha na Viziwi, 1962 hadi 1966

Ndani ya miaka miwili baada ya Uhuru Tabora ilipata shule mbili ambazo hazikuwa na mfano katika magharibi yote. Furaha ilifunguliwa 1962 na wamisionari wa Kiswidi wa Misheni Huru, Wapentekoste waliokuwa wamefanya kazi za hospitali na makanisa Unyamwezini kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata, wakati Askofu Mkuu Marko Mihayo akiongoza Jimbo Kuu la Tabora, Kanisa Katoliki lilianzisha taasisi ya watoto viziwi, ya kwanza Tanganyika. Mwaka huohuo wa 1963 serikali ya Nyerere ilifuta mamlaka ya machifu. Urithi wa damu, ambao shule ya kwanza ya Tabora ilijengwa juu yake, ulipoteza nguvu ya sheria katika mwaka ambao mtoto kiziwi alipata darasa kwa mara ya kwanza. Matukio hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini yote yalitoka katika fikra mpya ya kipindi kile: kwamba kila raia ana dai kwa taifa lake.

Kazi ya Furaha ilikuwa ngumu kwa namna isiyoonekana na mtu wa nje. Nukta nundu husomwa kwa ncha za vidole, na mtoto wa kijijini anayefika akiwa na miaka tisa au kumi huwa na vidole vilivyokwisha kuzoea kazi nyingine. Kabla ya kusoma alifundishwa kutembea peke yake, kuoga, kutandika kitanda, kujua mlango uko wapi. Kitabu kimoja cha kawaida kikichapwa kwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa mazito, yanayochukua rafu nzima. Karatasi yake ni nene na ghali. Mashine ya Perkins ya kuandikia iliagizwa kutoka nje, ikiharibika fundi hayuko mjini. Kwa hiyo wanafunzi wengi walijifunza kuandika kwa kibao na msumari, wakitoboa nukta kutoka kulia kwenda kushoto ili zikigeuzwa zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Hesabu za ghorofa, ambazo mtoto anayeona huzipanga kwa jicho, wao walizipanga kichwani.

Kwa viziwi mgogoro ulikuwa wa namna nyingine. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano, Italia, mwaka 1880 ulikuwa umeamua kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kusoma midomo na kutamka, na kwamba ishara za mikono ziachwe. Uamuzi huo ulitawala Ulaya kwa takriban karne nzima na ulifika Afrika pamoja na walimu wa Ulaya. Shule za viziwi za Tanzania zilianza kwa njia hiyo ya mdomo. Mtoto aliwekwa mbele ya mwalimu, akashika koo lake kuhisi mtetemo, akarudia sauti asizozisikia. Waliokuwa na usikivu kidogo, wakisaidiwa na shimesikio, walipata maneno. Waliozaliwa hawasikii kabisa walitumia miaka mingi kwa maneno machache, na wakati huo maarifa ya hesabu, jiografia na afya yakasubiri.

Bwenini mambo yalikuwa tofauti. Watoto walioletwa kutoka vijiji vilivyotengana, kila mmoja na ishara chache za nyumbani kwake, walipokutana chini ya dari moja waliunda lugha. Mkubwa alimfundisha mdogo, na aliyehitimu aliondoka nayo. Ishara za Tabora zikawa na sura yake, zilizozaliwa baadaye katika shule nyingine kama Buguruni ya Dar es Salaam zikawa na sura nyingine. Hilo ndilo zao la maana kuliko yote lililotoka katika shule ile, nalo halikuwa katika mtaala: jamii ya watu wenye lugha yao, waliojuana, walioweza kusemezana mtu mzima kwa mtu mzima. Bila bweni la Tabora na mengine yaliyofuata, Lugha ya Alama ya Tanzania isingekuwa na wasemaji wa kuikuza.

Kujitegemea na elimu kwa wote, 1967 hadi 1981

Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, Nyerere alitoa andiko lake kuhusu elimu ya kujitegemea. Mhitimu wa Tabora alishutumu mfumo unaomfundisha mtoto mmoja kati ya wengi ili ajione bora kuliko waliobaki. Sheria ya Elimu ya 1969 iliweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa serikali. Shule za watoto wenye ulemavu zilibaki katika ubia: serikali ilileta na kulipa walimu, makanisa yakaendelea kubeba sehemu kubwa ya chakula, majengo na vifaa. Ubia huo uliziokoa, lakini pia uliizoesha Wizara ya Elimu kudhani kwamba watoto hao wana mwenyewe.

Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, lengo likiwa 1977. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliongezeka kwa zaidi ya mara mbili katika miaka michache, ikawa zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sheria ya Elimu ya 1978 iliwalazimu wazazi kumwandikisha kila mtoto aliyefikisha miaka saba. Vijijini, watendaji waliopita nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto waliwaacha wenye ulemavu bila kuwaandika, kwa kuwa shule ya kijiji haikuwa na mwalimu anayejua la kufanya nao. Sheria iliyosema kila mtoto ilitekelezwa kwa maana ya kila mtoto anayeweza kufundishwa na mwalimu aliyepo.

Jibu lilitakiwa kuanzia kwa walimu, na hapo Tabora ikashika nafasi nyingine. Katika miaka ya 1970 Chuo cha Ualimu Tabora kilikuwa mahali ambapo serikali ilianza kuandaa walimu wa elimu maalum. Mwanachuo alikuwa na shule mbili jirani za kufanyia mazoezi. Miaka mingi baadaye kazi hiyo ilihamia Patandi, Arusha, lakini walimu waliosambaa nchini na kufungua vitengo katika shule za kawaida walipita kwanza Unyanyembe.

Kipaji kupewa jina, miaka ya 1980 na 1990

Elimu ya msingi ilipanuka, ya sekondari haikupanuka nayo. Katika miaka ya 1980 waliomaliza Darasa la Saba na kupata nafasi katika sekondari za serikali walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Mgawo wa nafasi kwa mikoa, ulioanzishwa ili maeneo yaliyonyimwa shule na ukoloni yasiachwe nyuma, ulifanya kazi njema. Wakati huohuo uchumi ulianguka, maabara zikakosa kemikali, vitabu vikachakaa, na swali likaibuka kuhusu watoto wenye uwezo mkubwa ambao nchi ingewahitaji kuwa madaktari na wahandisi.

Serikali ilijibu kwa kutenga shule chache na kuziita za vipaji maalum. Kadiri orodha ilivyokamilika zikawa saba: Ilboru ya Arusha, Kibaha ya Pwani, Mzumbe na Kilakala za Morogoro, Msalato ya Dodoma, na hizo mbili za Tabora. Kila moja ilikuja na historia yake. Kibaha ilitokana na mradi wa nchi za Nordiki miaka ya 1960, Kilakala ilikuwa Marian College ya masista wa Maryknoll, na Ilboru ilikuwa na mizizi ya Kilutheri. Tabora Wavulana ilirudishiwa kazi iliyofanana na ile ya 1925, ya kuwakusanya wachache waliochaguliwa kutoka nchi nzima, isipokuwa sasa kilichochagua kilikuwa mtihani.

Mpango huo umezaa matunda. Mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo au wa mvuvi wa Kigoma aliyeongoza wilayani kwake aliweza kuketi darasani na vichwa wenzake kutoka Kagera na Kilimanjaro bila mzazi kuulizwa mali yake. Kwa wasichana faida ilikuwa kubwa zaidi, maana bweni la Tabora Wasichana liliwaweka mbali na ndoa za mapema zilizowakatiza masomo wenzao wengi wa ukanda huo.

Hata hivyo jina ni kubwa kuliko huduma. Kipaji kimepimwa kwa alama za Darasa la Saba peke yake. Mwenye kipaji cha ufundi wa mikono, cha muziki au cha uongozi, ambaye hesabu zake ni za wastani, haonekani katika orodha hiyo. Aliyeingia hufuata mtaala uleule wa shule nyingine zote, kwa vipindi vilevile, na mwalimu wake hakufundishwa chuoni namna ya kumlea mtoto anayemaliza zoezi kabla wenzake hawajafungua daftari. Kilichotofautisha shule hizi kwa kweli ni kwamba wanafunzi hodari hukaa pamoja na kusukumana, na kwamba walimu wazuri hupenda kupangiwa huko. Hayo si madogo, lakini ni malezi ya mtihani zaidi kuliko ya kipaji.

Shule maalum au shule ya jirani, 1994 hadi 2010

Juni 1994 wajumbe wa serikali nyingi na mashirika ya kimataifa walikutana Salamanca, Hispania, wakatamka kwamba shule ya kawaida ndiyo imkaribishe mtoto mwenye mahitaji maalum, wazo linaloitwa elimu jumuishi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 nchini Tanzania ililibeba wazo la kuyafikia makundi yaliyosahauliwa. Walimu wa kuzunguka, wengi wao kwa pikipiki zilizotolewa na wafadhili, walianza kumfuata mtoto asiyeona kijijini kwake badala ya kumsafirisha mamia ya kilomita. Ada ya shule za msingi ilipofutwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliotekelezwa kuanzia 2002, madarasa yalifurika watoto 80 na zaidi, na mwalimu mmoja aliyepitia elimu maalum akajikuta analazimika kufundisha darasa zima kama wengine.

Viziwi walikuwa na hoja yao dhidi ya haraka ya kuwapeleka watoto wote shule za kawaida. Mtoto kiziwi akiwekwa peke yake katika shule ya jirani, hakuna wa kusema naye. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoundwa katika miaka ya 1980, kilidai lugha ya alama itambuliwe na itumike kufundishia. Shule nazo zikaacha pole pole msimamo wa mdomo pekee, zikaruhusu mikono darasani, na ishara zilizokuwa za bwenini zikaanza kukusanywa katika kamusi. Katika mjadala huo walioishi bweni la Tabora walijua walichokitetea.

Kisha likaja janga lililogeuza maana ya bweni. Kuanzia 2007 mauaji na ukatwaji viungo wa watu wenye ualbino vilienea katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na magharibi, Tabora ikiwamo, vikichochewa na imani za kishirikina kuhusu utajiri. Familia ziliogopa kuwaacha watoto watembee kwenda shuleni. Serikali iliwakusanya katika shule za bweni zenye ulinzi, kama Mitindo ya Misungwi, Buhangija ya Shinyanga na Kabanga ya Kasulu. Watoto wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, na kwa hiyo shule za wasioona tayari ziliwajua: ziliwaketisha mbele, ziliwapa maandishi makubwa, kofia na mafuta ya kujikinga na jua. Sasa zilitakiwa pia kuwa ngome. Watoto walikuwa salama, lakini baadhi walikaa miaka bila kuwaona wazazi, na mabweni yaliyojengwa kwa makumi yakabeba mamia. Elimu jumuishi, iliyokuwa ikisifiwa kwenye semina, haikuweza kuzungumzwa mbele ya mama aliyeogopa usiku uingie.

Katika kipindi hichohicho sheria zilisonga mbele. Utafiti wa taifa kuhusu ulemavu wa 2008 ulikadiria kwamba asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea walikuwa na ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida pamoja na msaada unaomfaa. Yaliyofanywa na kanisa kwa huruma mwaka 1962 na 1963 sasa yalikuwa wajibu wa dola.

Tangu 2010

Tabora ilirudi katika kazi ya kuandaa walimu mwaka 2010, Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kilipoanzishwa mjini hapo chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kimebeba jina la askofu ambaye wakati wake shule ya viziwi ilifunguliwa, na elimu ya mahitaji maalum ni miongoni mwa fani zinazofundishwa humo.

Waraka wa elimu bila malipo, uliotekelezwa kuanzia Januari 2016, uliondoa michango katika shule za msingi na sekondari hadi Kidato cha Nne. Kwa Furaha na Viziwi swali la ruzuku ni zito kuliko la ada: chakula cha mwaka mzima, matroni wa usiku, karatasi za nukta nundu, betri za shimesikio. Vitu hivyo haviwezi kuahirishwa kama dawati, na fedha zikichelewa mtoto hana kitabu kabisa, maana kitabu cha jirani yake hakisomeki kwa vidole.

Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na kuwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtihani wa Darasa la Saba una masomo sita ya alama 50 kila moja, jumla 300, na kwa alama hizo hugawanywa nafasi za vipaji maalum, za ufundi, za bweni na za kutwa. Mtahiniwa wa Furaha na yule atakayepangiwa Tabora Wavulana hufanya mtihani mmoja, siku zilezile. Mmoja ameufikia akiwa na vitabu vyote vya mtaala. Mwenzake amesoma vile vilivyopata kuchapwa kwa nukta nundu, na alama zao hupangwa katika mizani ileile.